Umesoma Nini, Getnet?

Kila asubuhi, kabla mkate wa kwanza wa injera haujaiva, Getnet alisoma Kiingereza kwa sauti. Nusu ya mtaa wao mjini Gondar ilimsikia. Alisoma akiyumba kidogo, sauti ikipanda na kushuka, kama alivyofundishwa utotoni na kasisi katika shule ya kanisa. Kule, asiyekwama ndiye aliyesifiwa.

Majirani waliokuja kunywa kahawa kwa shangazi yake, Yeshi, walimsikiliza na kutikisa vichwa.

"Huyu mtoto ni redio," alisema mmoja.

"Redio huzimwa. Huyu hazimiki," Yeshi akajibu, raha tupu.

Basi siku moja Getnet akarudi kutoka chuo kikuu ameinamisha kichwa. Mtihani wa kusoma Kiingereza, kapata ishirini na nane kwa mia, na kufaulu ni hamsini. Angeurudia baada ya wiki sita. Akianguka tena, chuo basi.

Yeshi akatua birika la kahawa chini. Kisha akasema, "Lakini Kiingereza unakitiririsha kama maji."

Tirngo, mpangaji wa chumba cha uani, alikuwepo. Yeye alifanya kazi maktaba ya chuo.

"Hebu nisomee ukurasa huu, Getnet," akasema, akimfungulia kitabu cha Kiingereza.

Akausoma wote bila kukwama. Tirngo akafunga kitabu.

"Haya. Umesoma nini?"

Getnet akatazama kikombe chake. "Ni... mambo ya samaki."

"Samaki wamefanyaje?"

Getnet akanyosha mkono kukichukua tena kitabu.

"Mdomo umefika, wewe umebaki njiani," alisema Tirngo. "Usione haya, mdogo wangu. Maktaba imejaa wenzako. Sauti unayo. Sasa jifunze kujiuliza."

"Kujiuliza nini?"

Tirngo akamgeukia Yeshi. "Mama Yeshi, mtu akikuletea habari za mtaa, unafanyaje?"

"Kwanza nauliza ni za nani. Halafu nakisia mwisho wake. Akinichanganya, namwambia, 'Rudi, hapo kwa shemeji umeruka.'"

"Na neno moja likikupita?"

"Kama ni dogo, naliacha. Kama ndilo lenye habari, namshika mkono, haondoki."

Majirani kwenye kahawa wakacheka. Tirngo hakucheka.

"Ndivyo kitabu kinavyosomwa. Tazama kichwa cha habari na picha. Jiulize, hii inahusu nini, nami ninajua nini juu yake? Soma aya moja kimya, kisha simama. Iseme kwa Kiamhari chetu, bila kutazama. Ukishindwa, rudi. Neno gumu likisie kwanza kwa maneno yaliyo karibu nalo. Likikuzibia njia kabisa, ndipo ufungue kamusi."

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Ukurasa wa dakika mbili sasa ulichukua nusu saa.

"Dada Tirngo, nimezidi kuwa mjinga."

"Hapana. Zamani hukujua kwamba hujaelewa. Sasa unajua, na unajua ni aya ipi."

Aliyesimuliwa kila aya ni Yeshi, huku akimimina rojo la injera kwenye kikaango. Kiingereza hakujua hata chembe, lakini habari yenye tundu aliitambua.

"Mbona hao wakulima wamehama ghafla? Nani kawafukuza?"

Getnet alirudi kitabuni akamtafuta aliyewafukuza. Kumbe ulikuwa ukame.

Siku ya mtihani ilikuja habari ya nyuki wanaofugwa mjini. Kwenye aya ya tatu Getnet akagundua macho yanatembea, akili haipo. Akaweka kalamu chini. Akarudi mwanzo wa aya ile, polepole, mpaka akaweza kuisema moyoni.

Alipofika nyumbani aliwasimulia Yeshi na Tirngo habari nzima.

"Nyuki juu ya paa la ghorofa? Uongo," alisema Yeshi.

"Ndivyo ilivyosema, shangazi. Na aya ya nne inaeleza kwa nini."

Wakabishana mpaka kahawa ikapoa. Tirngo akauliza, "Umepata ngapi, kwa makisio yako?"

Getnet akafikiri. "Maswali mawili sina hakika nayo. Moja nimekosa. Sitini na tano hivi."

Baada ya siku tano matokeo yakabandikwa. Sitini na saba.