Nishani Tano za Koplo Maltby

Jumatano, mchana.

Mo Stainforth aliisukuma sahani ya chipsi pembeni, akauchora ukumbi wa mnada juu ya meza kwa kidole chenye siki.

"Mlango. Meza ya chai. Makabati ya vioo. Jumamosi asubuhi wanaruhusu watu kushika vitu kabla mnada haujaanza. Unaomba, unapewa, unatazama, unarudisha. Ila wewe, Craig, unarudisha nishani za bandia."

Chumba cha nyuma cha duka la samaki, mjini Horncastle. Mlangoni kibao: TUMEFUNGA. Walikuwa wanne, na kila mmoja kaegemeza mgongo ukutani, kama watu walioambiwa kuna nyoka ndani lakini hawakuambiwa yuko chini ya kiti cha nani.

Craig Hallam alikuwa vidole. Angekuvua saa huku mnasalimiana, kisha akuulize saa ngapi. Jela haikuvipunguzia vidole vile chochote, ilimpunguzia binti. Ndiyo kwanza Kirsty alikuwa ameanza kumruhusu aje Jumapili kula nyama ya kuoka, kwa sharti moja: akikamatwa tena, hata kwa chungwa, mlango haufunguki milele. Craig alijiambia kazi hii ni ya mwisho. Majambazi wote husema hivyo. Ndiyo maana magereza yamejaa watu wa kazi ya mwisho.

Tez Bilton alikuwa dereva na mdomo. Wa nne, Lionel Ormerod, hakufanana na jambazi hata kwa kubahatisha: tarishi mstaafu, sweta ya kijani, lenzi ya kukuzia ikining'inia shingoni. Yeye ndiye aliyetengeneza zile za bandia. Yeye ndiye aliyemfundisha Craig kujifanya mkusanyaji.

"Usitazame uso wa malkia," Lionel alisema. "Washamba ndio hutazama uso. Geuza, soma ukingoni. Jina la askari limechongwa pale."

"Halafu?"

"Halafu kunja uso kama umenusa maziwa yaliyoharibika. Usisifu. Anayesifu hanunui."

"Nikiisugua kidogo kwa shati ing'ae?" Tez akadakia.

Lionel akamtazama kama mtu aliyetangaza kumpiga bibi yake teke. "Rangi ile imechukua miaka mia kukaa. Usiguse. Hata usiifikirie."

Kisha akageuka kwa Mo, sauti chini. "Umeniapia, Mo. Mteja wako ataziweka zote tano pamoja."

"Nimeapa, mzee."

"Seti haivunjwi. Koplo Ezra Maltby alipata ya kwanza kwa ushujaa, vita vya Makaburu. Mbili za mwisho mjane wake aliletewa na posta. Hizo tano pamoja ni mtu kamili, Mo. Ukimvunja, hapatikani tena."

"Haivunjwi. Kula chipsi."

Craig akatoka nje kuvuta sigara. Alikuwa hajaimaliza alipomwona Lionel nyuma ya mapipa ya taka, simu sikioni, mkono umeziba mdomo.

"Ndiyo, Jumamosi... Hapana, hawajui lolote... Nitakuja mwenyewe."

Lionel akageuka, akamwona, akaitia simu mfukoni haraka kama mtoto na peremende. "Nilikuwa naulizia hali ya hewa tu."

Craig akainua macho. Mvua ilikuwa ikiwanyeshea wote wawili.

Aliizima sigara kwa kiatu. Akimwambia Mo, vidole vya mzee vitavunjwa mlangoni kabla hajamaliza kujieleza. Asipomwambia, na mzee kweli anawachoma kwa polisi, basi kwaheri Kirsty. Usiku huo alikula bila kusikia ladha.

Jumamosi, saa tatu na nusu asubuhi.

Ukumbi ulinuka sufu iliyolowa na chai. Wazee wa makoti mazito walizunguka makabati, kila mmoja akimchungulia mwenzake anatazama nini, kisha anajifanya hatazami. Craig akajisikia nyumbani. Wote humu walikuwa na nyuso za wezi.

Msichana wa mnada akafungua kioo. Nishani tano, zimeshonwa kwenye kipande kimoja chenye pini, tepe zimefifia. Craig akazishika ukingoni. Akageuza. Akasoma. Akakunja uso.

Hapo ndipo alipomwona Lionel mlangoni, akimnong'oneza mlinzi. Mlinzi akatikisa kichwa. Mlinzi akatazama upande wa kabati.

Jasho likamshuka Craig mgongoni. *Tayari. Kaniuza.*

Miguu ilitaka kukimbia. Vidole havikuuliza miguu. Vikafanya kazi yao: mkono wa koti, chafya moja, samahani dada, na nishani zilizorudi kwenye kitambaa cha zambarau hazikuwa zile zilizotoka.

"Hazinivutii," akamwambia msichana.

"Wote mnasema hivyo," msichana akajibu, akafunga kioo.

Alipita kwa mlinzi akisubiri mkono begani. Mlinzi akamfungulia mlango.

Saa nne.

Gari lilikuwa nje ya mji, kwenye kituo cha kupumzikia kando ya barabara ya Lincoln, mita chache kutoka kibanda cha chai. Mteja wa Mo angewakuta hapo. Nyuma ya ua wa miti, mfereji.

Kwenye kiti cha nyuma, Craig akamshika Lionel kola. "Ulimwambia nini mlinzi?"

"Nilimuuliza choo kiko wapi! Uzee, kijana. Utaujua."

"Na simu? 'Hawajui lolote'? Unaongea na polisi gani?"

Mo akageuka kwenye kiti cha mbele, polepole. Lionel akaingiza mkono ndani ya sweta, akatoa picha: kijana mwenye masharubu, sare ya kikosi cha Lincoln, macho ya mtu aliyebanwa na viatu.

"Bibi mmoja, Sleaford. Mjukuu wa Maltby. Miaka yote hii nimesoma jina lake ukingoni, sikuwahi kuona uso. Ndiye nimemwambia Jumamosi babu yake atapata makao. Wasiojua ni nyinyi, kwamba nimempata ndugu yake."

Craig akamwachia kola. Aibu ikampanda hadi masikioni.

"Hadithi tamu," Mo alisema. Nishani zilikuwa mapajani mwake, mkasi mkononi. *Kwach.* Uzi ukakatika. *Kwach.* "Mteja anaitaka ya ushujaa tu. Hizi nne zina jina lilelile, zitatufunga. Tez, zitupe mferejini."

"Mo," Lionel alisema. "Uliapa."

"Nimeapa mambo mengi, mzee. Hata ndoa."

Tez akacheka. Kisha akaacha. Gari la polisi lilikuwa limeingia, likasimama mbele ya kibanda. Askari wawili wakashuka wakijinyoosha.

"Tulieni," Mo akanong'ona. "Wana njaa, hawana habari."

Lionel akapitisha mkono mbele, akazizoa zote tano kutoka mapajani mwa Mo, akafungua mlango wa ubavuni, akaruka.

Craig akamrukia. Akadaka mkono wa sweta, sweta ikachomoka, akaanguka nayo kwenye matope. Alipoinuka, Lionel alikuwa kibandani, akizipanga nishani juu ya kaunta, katikati ya chupa za sosi.

"Hizi zimeibwa," mzee alisema. "Mimi ni mmoja wao."

Injini ikanguruma. Craig alikuwa hatua tatu tu kutoka mlangoni. Macho yake na ya Mo yakakutana.

"Nenda," Mo akamwambia Tez.

Gari likaondoka na mlango wazi. Askari kijana akapiga redio, akitaja namba za gari lile. Yule mnene, mkate wa bekoni mkononi, akamtazama Craig.

"Na huyu?"

Lionel hakupepesa. "Simjui. Namwona amechafuka tu."

"Nimeteleza," Craig alisema. "Nilikuja chai."

"Sukari?" mama wa kibandani akauliza.

"Mbili."

Akapewa. Alikuwa huru. Barabara ile pale. Kesho Jumapili. Aliyemshuku tangu Jumatano ndiye aliyemfungulia mlango.

Askari mnene akatoa mifuko ya ushahidi. Nishani ya kwanza, mfuko wa kwanza. Ya pili, mfuko wa pili.

"Naomba mfuko mmoja, afande," Lionel alisema. "Tafadhali. Zitapotezana huko stoo."

"Kitu kimoja, mfuko mmoja, mzee. Ndio utaratibu."

Mzee akafunika uso kwa mikono. Mabega yakaanza kumcheza.

"Ah, afande, utu kidogo," Craig alisema. "Mwekee Maltby wake pamoja, unapungukiwa nini?"

Mama wa kibandani akaacha kukoroga.

Askari mnene akauweka mkate chini. Akapangusa kidole kimoja kimoja.

"Maltby," alisema. "Mimi hapa sijasoma jina. Mzee hajataja jina. Wewe wa chai, umelitoa wapi?"

Craig akatazama vidole vyake. Kwa mara ya kwanza maishani, havikuwa na la kufanya.

Nishani zikaenda mjini katika mifuko mitano, zote juu ya paja la askari mnene. Nyuma yake, Lionel aliegemea kioo, akizihesabu kwa macho kila gari liliporuka shimo. Craig alikaa kando yake, akifikiria nani atamwambia Kirsty asimenye viazi vingi.