Ubao wa Siku Bila Ajali

Kila asubuhi mama alimchana binti yake nywele huku akimkumbusha asisahau daftari. Wiki hiyo alichana kwa mkono wa kushoto, ovyo ovyo, na ule wa kulia aliuficha ndani ya glavu ya kazini. Binti alikuwa na miaka kumi na miwili, na nyumbani aliitwa Pilipili kwa sababu ya hasira zake.

"Mama, nani anavaa glavu nyumbani?"

"Kunywa chai, utachelewa."

Pilipili hakunywa. Aliishika ile glavu akaivuta taratibu. Vidole vilikuwa vimevimba hata havikunjiki, na kidonda kilikuwa kinatoa usaha.

Ikabidi mama aseme. Alifanya kazi kwenye tanuri la kiwanda cha biskuti, na siku sita zilizopita trei la moto lilimuunguza. Kiwanda kilikuwa na zahanati yake, na wafanyakazi walitibiwa bure, jambo lililowafanya majirani wengi wawaonee wivu. Lakini langoni palikuwa na ubao wa kuhesabu siku zilizopita bila ajali. Zikifika mia mbili, wote wangepewa mapumziko ya siku mbili yenye malipo. Akitibiwa hata mmoja kwa jeraha la kazini, hesabu ilirudi sifuri.

"Zimebaki siku tatu," mama alisema. "Wenzangu watanitazama kwa jicho gani?"

"Kwa hiyo mkono uoze ili ubao upendeze?"

Damu ilimchemka Pilipili. Aliwakasirikia waliobuni ubao ule, akawakasirikia wafanyakazi, na zaidi ya wote akamkasirikia mama, aliyemfundisha kusema kweli hata akivunja kikombe. Alichukua mkoba akamfuata mpaka langoni, maana njia ya shule ilikuwa hiyo hiyo.

Ubao ulionyesha mia moja tisini na saba. Msimamizi wa tanuri alisimama kando yake akiwapokea watu kwa tabasamu.

"Shikamoo," Pilipili alimwambia. Heshima kwanza, hasira baadaye. "Mama yangu ameungua humu ndani. Leo siku ya sita hajatibiwa."

"Jamani, zimebaki siku tatu tu," mtu mmoja alinung'unika.

"Nenda shule, mwanangu," msimamizi alisema. "Haya ni mambo ya wakubwa."

Mama alimtazama msimamizi, akawatazama wenzake, kisha akavua glavu mbele yao wote. Aliyenung'unika akainamisha kichwa.

Zahanatini, Pilipili akiwa kando ya mama, muuguzi alisafisha kidonda huku amekunja uso. "Ungengoja hizo siku tatu, pengine ungekatwa kidole." Hajamaliza kufunga bendeji, fundi mitambo akaingia akichechemea, na nyuma yake mpakiaji wa mizigo mwenye jicho jekundu. Nao walikuwa wakificha majeraha.

Muuguzi alitoka hadi langoni akamkabili msimamizi. "Ubao wako unawafundisha watu uongo. Uondoe sasa hivi, au nitawaandikia wakuu kuhusu majeraha haya matatu." Msimamizi aliuteremsha mwenyewe.

Muuguzi akarudi zahanatini, akamgeukia Pilipili. "Kazi ya kampuni ina faida zake. Mshahara unajulikana, na dawa hizi hapa. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Mfanyakazi akifa, kampuni itaajiri mwingine mwezi ujao. Wewe ukimpoteza mama, utamwajiri nani?"