Helmeti Iliyonukia Mafuta ya Nywele

Fundi cherehani huyu alikuwa na jicho kali. Ukimletea gauni, kabla hujaketi ameshaona kifungo kilicholegea na doa ulilodhani umelificha. Jicho hilo lilimletea wateja wengi. Nyumbani lilimkosesha raha.

Mumewe aliendesha pikipiki ya abiria. Wenzake kijiweni walimwita Breki. Walikuwa wanamtania, maana breki alizikumbuka kwa nadra. Kwa miaka saba helmeti yake ilining'inia kwenye kiwiko. Akimwona askari wa barabarani kwa mbali, anaivaa. Akishampita, inarudi kiwikoni.

"Baba watoto, hicho kiwiko ndicho chenye akili?" fundi humuuliza kila asubuhi.

"Inanibana. Tena joto," Breki hujibu, huyoo, ameondoka.

Sasa basi, mambo yakageuka. Asubuhi moja Breki alivaa helmeti palepale mlangoni. Akafunga mkanda chini ya kidevu. Akatikisa kichwa kulia na kushoto, kama mtoto anayekataa uji. Ndipo akawasha pikipiki, akaondoka polepole.

Mke mwingine angeshukuru. Fundi alisimamisha cherehani.

"Miaka saba nimesema mimi, hakusikia," aliwaza. "Leo amesikia. Amemsikia nani?"

Tangu siku hiyo akawa macho. Zamani Breki alipokea simu huku anaendesha, kaibana kati ya sikio na bega. Siku hizi ukimpigia, simu inaita mpaka inachoka. Baadaye anapiga mwenyewe: "Nilikuwa barabarani, mke wangu." Barabarani! Tangu lini barabara ikamzuia mtu kusema haloo? Halafu juzi fundi alimwona amesimama nje kwa nesi, jirani yao wa mlango wa tatu. Nesi kaweka vidole viwili chini ya kidevu cha Breki, na wote wawili wanacheka.

Fundi alihisi moto kifuani. Nesi hakuwa na mume, na alikuwa na meno mazuri.

Siku moja tairi la pikipiki lilipasuka. Breki akaikokota kwenda kwa makanika. Fundi akafagia chini ya kitanda. Ufagio ukagonga kitu. Akavuta mfuko, akaufungua. Ndani mlikuwa na helmeti nyingine, nyekundu, mpya. Akainusa. Mafuta ya nywele! Na kwenye kitambaa cha ndani ulinasa unywele mrefu wa kusukia. Fundi mwenyewe alikuwa amenyoa.

"Haya. Tumefika," alisema peke yake.

Hakulia wala hakupiga kelele. Alichukua wembe, akafumua kitambaa cha ndani. Lazima kuna barua, au picha, au namba ya simu. Hakukuta kitu. Chini ya kitambaa aliona povu gumu jeupe, kama lile linalowekwa kwenye boksi la televisheni mpya.

"Wameificha humu," alinong'ona. Akachomeka mkasi, akalibandua lile povu. Likavunjika vipande vitatu. Barua hakuna.

Hapo akashtuka. Breki akirudi ataona nini? Haraka akatupa vipande kwenye gunia la mabaki. Akachukua sponji laini za kuweka mabegani mwa makoti, akazijaza ndani, akashona kitambaa juu yake. Ulikuwa ushonaji safi kabisa. Kwa macho tu, hakuna ambaye angegundua.

Kesho yake Breki aliondoka mapema kwenda stendi ya mabasi kumpokea mama mkwe. Fundi alikuwa anampima mteja, hakuona mumewe amebeba nini. Baada ya muda nesi akaingia na sare yake ya kazi.

"Jirani, habari za asubuhi? Hii naomba unipunguzie kiunoni."

"Nzuri," fundi alijibu kwa mkato. Akamvalisha ile sare, akaanza kubana kwa pini.

"Aii! Umenichoma!"

"Pole. Nesi, tusizungushane. Mume wangu unamfundisha nini?"

Nesi akamtazama. Kisha akaketi, pini zikiwa bado kiunoni.

"Kumbe hajakwambia? Kuna mwenzao kijiweni alianguka. Aliletwa wodini kwetu. Helmeti yake ilikuwa kiwikoni. Jirani, kile kiwiko hakina hata mchubuko. Lakini kichwa! Mpaka leo anamuuliza mkewe, 'Wewe ni nani?' Breki ndiye aliyempakia kwenye gari. Alilia kama mtoto. Hakutaka ujue. Alihofia utamkataza kazi."

Fundi aliweka pini chini.

"Nikaenda kijiweni kuwaelimisha," nesi aliendelea. "Helmeti ikae kichwani, mkanda ufungwe. Chini ya mkanda vipite vidole viwili tu, visizidi. Tikisa kichwa. Ikicheza, haifai. Simu ingoje mpaka usimame. Na abiria naye avae yake. Breki akawa wa kwanza kununua ya abiria, nyekundu, anayoibeba kwenye mfuko usije ukauliza. Mimi mwenyewe naivaa akinipeleka kazini, na hizi rasta zangu na mafuta yangu. Nafikiri nimeichafua!"

Fundi aligeukia gunia la mabaki. "Nesi, lile povu jeupe la ndani ni la nini?"

"Lile ndilo helmeti yenyewe! Ukianguka, lile linabonyea badala ya ubongo wako. Likivunjika, helmeti imekwisha, hata kama nje inang'aa. Ndiyo maana iliyopata ajali haivaliwi tena."

"Ukiweka sponji?"

"Umevaa mto. Kwani kuna nini?"

"Mama yangu!" fundi alipiga ukelele. "Anamvalisha mama yangu!"

Akashika simu. Ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena, na tena. Hakuna jibu. Ile tabia njema aliyoitilia shaka ndiyo iliyomziba mdomo sasa. Akatoka mbio, futi ya kupimia inapepea shingoni. Nesi nyuma yake, kashika kiuno cha sare isidondoke. Fundi alikimbia huku analia, haoni haya. Kila pikipiki iliyopita moyo ulimruka.

Wakafika barabara kubwa. Kwa mbali akaja Breki, kwa miguu, anaikokota pikipiki kwa mikono yote miwili. Begi limefungwa kwenye kiti. Pembeni anatembea mama mkwe, viatu mkononi, anafoka.

"Shikamoo, mama!" fundi alisema akimkumbatia.

"Marahaba. Mwanangu, huyu mumeo kaniaibisha stendi nzima! Kanivika kofia, kanitikisa kichwa kama anachagua nazi, halafu eti, 'Mama, hupandi.' Na magoti yangu haya!"

"Ilicheza," Breki alisema akifuta jasho. "Kichwa kinakwenda kulia, helmeti inabaki kushoto. Nikabonyeza ndani, nikakuta laini. Jana ilikuwa ngumu. Sielewi."

"Ni mimi," fundi alisema. "Niliifumua. Nilikuwa natafuta barua."

"Barua ya nani, ndani ya helmeti?"

Fundi akamtazama nesi, kisha akainamisha kichwa. Nesi akafunika mdomo.

Breki hakucheka. "Mke wangu, nisingeitikisa, leo ungemzika mama yako. Ungeniuliza tu."

"Nawe ungeniambia tu," fundi alijibu huku machozi yanamtoka.

"Kweli. Hapo nimekosa."

Jioni ile Breki aliikata mikanda ya helmeti nyekundu, akaipasua kwa nyundo ili asije mtu akaiokota na kuivaa. Mwisho wa wiki walinunua nyingine. Fundi akakumbuka pia kwamba abiria wengine hukataa helmeti kwa kuogopa uchafu. Akashona vikofia vyepesi vya pamba vya kuvaa ndani, vinavyofuliwa kila siku. Siku hizi madereva wote wa kijiwe wanapita kwake. Akimwona aliyelegeza mkanda, hamwachi. Jicho lile limepata kazi yake.

Na kila asubuhi, mlangoni, yeye ndiye anayepitisha vidole viwili chini ya kidevu cha mumewe.

Juzi mchana alimpigia simu. Ikaita mpaka ikachoka. Fundi akaiweka kando, akaendelea kushona. Baadaye simu ikalia.

"Nilikuwa barabarani, mke wangu."

"Najua," fundi alisema. "Ungepokea, ningegombana nawe."