Konrodi ya Tatu

Rafiki yangu fundi wa dizeli si mtu wa kuogopa kivuli chake, ila hili hulisimulia kwa kunong'ona. Aliletewa injini ya lori lililotumbukia mtoni. Akaifungua yote: konrodi ya tatu, ule mkono unaoshika pistoni, imepindishwa na maji, pistoni yake imelika upande mmoja. Akapanga vipuri vyote mezani. Kisha, kwa mazoea tu, akaegemeza bisibisi kwenye injini tupu, mpini sikioni, kama mafundi wanavyosikiliza injini inayounguruma.

Ko. Ko. Ko-ko.

Akainyoosha bisibisi. "Kaka, hebu sikiliza," akamwambia dereva wa lori lile aliyekuwa akisubiri pembeni, aliyeokoka peke yake. Mdogo wake dereva alizama akiwa ndani ya lori.

Dereva akasikiliza. Akairudisha bisibisi mezani.

"Iligonga hivihivi siku ile, fundi. Mimi niko ukingoni, lori limeshazama. Nikadhani ni injini."