Kimya Katika Chumba cha Fundi

Hata leo, akisikia cherehani ikilia mahali, mwanafunzi huyu wa udaktari husimama kidogo. Wenzake humcheka.

"Unasikiliza nini, wewe?"

"Nasikiliza nyumbani," huwajibu.

Nyumbani kwao chumba cha mbele kilikuwa cha kazi. Cherehani ya baba ilikaa chini ya dirisha. Mama alikaa mkekani akishona vifungo. Binti alikaa juu ya gunia la vipande vya vitambaa, kitabu magotini, akisoma kwa sauti. Baba hakujaliwa kufika mbali shuleni, lakini masikio yake yalikuwa na njaa ya elimu. Mguu ulikanyaga, sikio likasoma. Katika kitabu cha biolojia alipenda kuliko zote sura ya moyo. Damu ilipoingia chumba cha juu, mguu ulipunguza mwendo. Iliposukumwa kwenda mapafuni, cherehani ilikimbia.

"Daktari wangu, hebu rudia pale kwenye vali, vile vilango vya damu."

Mama alitikisa kichwa. "Moyo huo umesomwa mpaka umechoka kupiga."

Na binti akinyamaza, baba aliuliza papo hapo, "Mbona kimya? Umelala?" Basi binti hakunyamaza. Katika nyumba ile, kusoma kulikuwa ni kusikika.

Matokeo ya mtihani wa mwisho yalipotoka, biolojia ilikuwa nzuri sana. Fizikia nayo ilikuwa nzuri. Kemia ilianguka, na pasipo kemia mlango wa udaktari haufunguki.

Binti alilia nyuma ya pazia mpaka akachoka. Kisha akaamua kurudia mtihani. Alirudi kwenye gunia lake, akafungua ukurasa wa kwanza wa biolojia, akaanza kusoma kwa sauti.

"Nikishindwa tena, mama, nitabaki kushona vifungo."

"Vifungo vimekukosea nini?" mama alimjibu, lakini hakucheka.

Siku moja akaja jirani yao, mama mmoja aliyefanya kazi katika maabara ya hospitali. Watoto wote wa mtaa walimwita Shangazi. Alileta koti lake jeupe lipunguzwe mikono. Baba alipokuwa akipiga alama za chaki kwenye koti, Shangazi alimsikiliza binti.

"Unasoma vizuri, mwanangu. Lakini hilo si somo ulilofaulu?"

"Narudia masomo yote, Shangazi."

"Nani amekuambia urudie yote?"

Binti alifikiri. "Hakuna. Nilidhani ndivyo ilivyo."

Shangazi akamgeukia baba. "Fundi, koti langu lina kasoro ya mikono. Utalifumua lote?"

"Nilifumue lote, nina wazimu?" Baba akacheka, kisha akaacha kucheka. Alimtazama binti yake.

"Umeona?" Shangazi akasema. "Ila usikimbilie kujisajili. Vyuo vingine hukubali urudie somo moja kama mtahiniwa wa kujitegemea. Vingine hutaka masomo yote yawe ya mwaka mmoja. Maneno ya barabarani usiyafuate. Uliza chuo chenyewe, uliza na ofisi ya mitihani, tena mapema, kwa kuwa usajili hufungwa. Na kemia unaisomaje?"

"Kwa sauti, kama mengine."

"Hesabu za kemia hazisomwi kama hadithi. Hufanywa. Tafuta mitihani ya miaka iliyopita. Funga kitabu, weka saa mbele yako, andika. Ukimaliza jisahihishe. Pale ulipokosea ndipo pa kuanzia kesho. Kwa nini hukufanya hivyo?"

Binti aliinamisha kichwa. "Nikikaa kimya, baba hudhani nimelala."

Cherehani ikasimama.

"Kumbe ni mimi niliyekuangusha," baba akasema polepole.

"Hapana, baba. Nilipenda kukusomea. Tena kemia ilinitisha. Nikiwa kwenye moyo, sikulazimika kwenda kwenye kemia."

Shangazi alikunja koti lake. "Mimi pia nilirudia mtihani, tena mara mbili. Mara ya kwanza nilirudia na makosa yangu yote."

Binti aliuliza kama alivyoelekezwa. Chuo alichokitaka kilikubali somo moja, naye akajisajili mapema. Asubuhi iliyofuata baba alibeba cherehani akaipeleka barazani, ili chumba kibaki kimya. Kazi ilimwendea vibaya siku zile. Mara kwa mara alifika mlangoni, mdomo ukafunguka, ukafungwa, akarudi zake.

Mtihani wa kwanza wa mazoezi ulijaa kalamu nyekundu. Binti alitafuta sababu, akaiona. Alikuwa akisahau kubadili vipimo kabla ya kukokotoa.

"Hilo tu?" baba akauliza. "Mimi niliwahi kupima mteja kwa sentimita, nikakata kwa inchi. Suruali ikamtosha yeye na ndugu zake."

Binti alicheka mpaka machozi. Tangu hapo, kabla ya kila hesabu, aliikumbuka ile suruali. Kalamu nyekundu ikazidi kupungua. Swali lililomshinda alimpelekea Shangazi, naye Shangazi hakumpa jibu. Alimwambia, "Nionyeshe ulipokwama."

Matokeo ya pili yalipotoka, kemia ilikuwa imesimama bega kwa bega na biolojia. Chuo kikampokea.

Asubuhi ya safari, begi likiwa mlangoni, baba aliirudisha cherehani chini ya dirisha. Alitunga uzi, akajifanya ana kazi.

"Daktari, una nafasi kidogo?"

"Ya nini, baba?"

"Nisomee ule moyo."

Binti akakaa kwenye gunia. Kitabu kilikuwa kimeshafungwa begini, wala hakukihitaji. Damu iliingia chumba cha juu, mguu wa baba ukapunguza mwendo. Ikasukumwa kwenda mapafuni, cherehani ikakimbia. Mama aliweka vifungo chini, akasikiliza mpaka mwisho.

Sasa yuko chuoni. Siku mwalimu alipofundisha moyo, ukumbi ulikuwa kimya, na kila mtu aliandika. Naye aliandika. Ila chini ya meza mguu wake ulikuwa ukikanyaga taratibu, na kwenye vali alirudia mara mbili, kama baba alivyopenda.