Kadi za Chumba cha Mifupa

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi niko chuoni na ndoo yangu. Mimi ni mfagizi. Nilisoma mpaka darasa la saba, basi, kwa hiyo vitabu vya pale huvifuta vumbi tu, sivifungui. Mchana nampitia binti yangu shuleni. Yuko darasa la sita, na nyumbani tunamwita Profesa, kwa sababu hata karatasi ya kufungia sukari haitupi kabla hajaisoma.

Siku moja tuliambiwa tuondoe takataka kwenye chumba cha mifupa, wanamosomea wanafunzi wa udaktari. Katika droo za mafuvu mlikuwa na kadi ngumu, kila moja ina neno la Kiingereza juu na la Kilatini chini. Mtunza stoo alisema ni za kizamani, zitupwe. Mimi nikaona upande wa nyuma ni mweupe kabisa, mwanangu atafanyia hesabu. Nikajaza mfuko.

Profesa hakushughulika na upande wa nyuma. Alisoma wa mbele, akaniuliza, "Mama, haya ni maneno mazuri?"

"Hicho Kilatini," nilimwambia. "Ndiyo lugha ya madaktari. Kitakuwa na ubaya gani?"

Nilijibu huku nasugua masizi ya sufuria. Sikuliangalia hata neno moja. Wazazi wenzangu, hapo ndipo nilipokosea.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, Profesa aliwapanga wenzake mistari kama mwalimu wa zamu, akawavika kadi kwa uzi. Yeye na karibu darasa zima walivaa zilizoandikwa Negro, yaani mtu mweusi, na chini yake Niger. Akabaki Sindano, mjukuu wa fundi cherehani wa mtaa wetu. Mama yake Sindano alishafariki. Baba yake alikuwa mgeni wa nchi za mbali, akaondoka zamani, na ngozi ya mtoto ni nyeupe kidogo kuliko ya wenzake. Profesa akapekua kadi na kamusi ya shule, akamvika ya Mulatto, yaani chotara. Chini iliandikwa Hybrida.

"Maana yake nini?" Sindano aliuliza.

"Maana yake huna mstari. Kaa pale peke yako."

"Nani kasema?"

"Kilatini kimesema. Muulize mama yangu."

Wenzake wakalidaka neno. Wiki nzima ikawa, "Haibrida, sogea huko, unatuharibia mstari." "Haibrida, kwani we ni chai au maziwa?"

Siku ya Ijumaa bibi yake, yule fundi, alitoka kupeleka nguo za mteja. Sindano akachukua sufuria ya rangi nyeusi, ile ambayo bibi huchovyea vitambaa vilivyopauka. Rangi hiyo hutiwa dawa kali ili ishike. Alijipaka mikono yote miwili na shavu moja. Shavu la pili hakulifikia.

Tulisikia ukunga tukakimbia, mimi na Profesa. Bibi alikuwa akimmwagia maji, na mtoto anasema kwa sauti ndogo, "Bibi, nilitaka na mimi niwe na mstari."

Hospitalini ngozi ya mikono ilibambuka. Daktari alisema vidole vya kulia huenda visishike kalamu tena.

Jumatatu mwalimu wa Kiingereza alituita, akazitandaza kadi mezani.

"Hili ulilojivika mwenyewe," alimwambia Profesa, "liliandikwa kwenye orodha za watu waliouzwa, pamoja na ng'ombe na mapipa. Na hili Hybrida ulilompa mwenzako, Warumi walilitumia kumwita mtoto wa nguruwe wa kufugwa na nguruwe mwitu."

"Lakini ni Kilatini, mwalimu."

"Ndiyo. Wasomi wa zamani waliyapanga mafuvu ya watu kwa maneno haya, wakitaka tusi lionekane elimu."

Nikasema, "Mwalimu, mimi ndiye niliyezileta na kuzisifu."

"Basi kwa mgonjwa mtakwenda wote wawili," alisema.

Tulikwenda kila siku. Profesa alishika kitabu wazi mbele ya Sindano, naye Sindano akageukia ukutani. Siku ya nane akasema, bila kugeuka sana, "Fungua ukurasa unaofuata. Huo nimeshausoma."

Bandeji zilipofunguliwa, vidole vinne vilikunjika, kimoja kikagoma. Kalamu ilishikika. Siku aliyorudi darasani, bibi yake alisimama mlangoni na futi yake ya kupimia shingoni.

"Wajukuu zangu," alisema, "mimi nawapima watu kila siku, kifua, kiuno, mabega. Sijawahi kumjua mtu kwa kumpima. Mkitaka kujua mtu aitweje, muulizeni mwenyewe. Na neno linalomuumiza mtu msilichukue, hata kama limetoka kwenye kitabu kinene kama tofali, hata kama amewaambia mama."

Mimi niliyekuwa nimewasindikiza niliinamisha kichwa. Mwalimu akamuuliza Sindano anataka kukaa wapi. Aliangalia madawati yote, akaenda kukaa karibu na Profesa.

"Lakini usinipange tena," alimwambia.

"Sikupangi," alijibu binti yangu, akamsogezea nafasi.