Mwizi wa Mafuta ya Gari la Mayai

Kila asubuhi, mume wa Mama Mayai aliwasha gari, kisha akaenda kuoga. Gari lilibaki uani likinguruma peke yake. Alitoka kuoga, akanywa chai, akatafuta viatu, akagombana kidogo na vifungo vya shati. Gari bado lilikuwa linanguruma.

"Gari zee ni kama mtu mzee," alipenda kusema. "Lazima liamke taratibu."

Wakati huo Mama Mayai alikuwa anapanga trei za mayai kwenye kiti cha nyuma. Kazi yao ilikuwa kununua mayai kwa wafugaji na kuyauza madukani. Mume aliendesha, mke aliuza. Gari lilikuwa limebabuka rangi, na mlango wake mmoja haukufunguka mpaka ubembelezwe. Lakini ndilo lililowalisha.

Zamani, tangi likijazwa Jumatatu, mafuta yalifika Jumamosi jioni. Siku hizi yaliisha Ijumaa asubuhi. Safari ni zile zile, barabara ni zile zile. Mume alikuwa hana raha, akaanza kuhisi kuna mtu anayeyaiba.

Ijumaa moja gari lilizima katikati ya safari. Jua lilikuwa kali na mayai yalikuwa nyuma. Mume alirudi nyumbani kwa miguu kuchukua dumu. Hasira zilikuwa zimempanda. Hakwenda kwenye dumu. Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha uani.

Katika chumba hicho alilala shemeji yake, mdogo wake Mama Mayai, ambaye alikuwa fundi mwashi. Siku hiyo hakuwa na kazi, alikuwa amekaa mlangoni. Mume alimpita, akainama chini ya kitanda, akatoka na mpira mwembamba mrefu.

"Shemeji, huu mpira wa nini?"

"Wa kazi, shemeji. Natia maji ndani, napimia usawa wa ukuta."

"Ukuta, au tangi langu? Kweli kikulacho ki nguoni mwako! Nakulaza, nakulisha, na bado unaninyonyea mafuta!"

Watoto wao walikuwa wamesimama hapo hapo, wakisikia yote. Mama Mayai naye alikuwa ameingia, maana alimfuata mumewe kwa nyuma. Fundi alimtazama dada yake. Mama Mayai alifungua mdomo, lakini maneno hayakutoka. Huku mume, huku ndugu wa tumbo moja. Fundi alifunga nguo zake kwenye mfuko, akaondoka bila kuaga.

Jioni ile Mama Mayai hakula. Alimjua mdogo wake, hakuwa mwizi. Tena alijiona mwenye kosa, kwa sababu alinyamaza pale alipotakiwa kusema. Jambo hilo lilimuuma kuliko mafuta yote yaliyopotea.

Kesho yake alikwenda kwa jirani yao aliyefundisha udereva. Mtaa mzima ulimwita mwanamke huyo Mwalimu Breki. Alipopiga kelele "Breki!" hata wapita njia walisimama.

"Mwalimu, nitajuaje kama mafuta yanaibwa?" aliuliza Mama Mayai.

"Ni rahisi. Jumatatu jazeni tangi mpaka juu, kisha fanyeni safari yenu. Mkimaliza, msirudi nyumbani kwanza. Pitieni kituo kile kile, mjaze tena mpaka juu. Mtaona gari limekunywa kiasi gani nyinyi wenyewe mkiwa ndani. Na mimi nitakuja."

Mume hakupenda. "Sasa gari langu nalo linapelekwa shule?" alinung'unika. Lakini Jumatatu alikubali, maana alitaka wizi uthibitike.

Basi wakaenda, Mwalimu Breki mbele, Mama Mayai nyuma na trei zake. Mume alikanyaga mafuta kwa nguvu, na kwenye kila kona akakanyaga breki kwa nguvu. Walipomaliza walipita kituoni. Pampu ilimimina, ikaendelea kumimina. Mafuta yaliyoingia yalikuwa mengi mno kwa safari ile.

"Shemeji yako leo yuko wapi?" aliuliza Mwalimu Breki.

"Sijui. Kazini kwake, nadhani."

"Na gari lilikuwa na nani?"

"Na sisi."

"Basi mafuta yameliwa mbele ya macho yetu, na fundi hayupo."

Mwalimu Breki alishuka, akazunguka gari, akapima upepo wa matairi kwa kipimo cha pale kituoni.

"Upepo ni mdogo sana," alisema. "Tena matairi yote manne ni sawasawa. Tairi likitoboka, huwa moja. Yakipungua manne kwa pamoja hivi, hapo kuna mkono wa mtu."

Mume alikuna kichwa.

"Ni mimi," alisema. "Mayai yalikuwa yanapasuka kwenye mashimo, na mama watoto alikuwa analalamika kila jioni. Nikapunguza upepo ili gari liwe laini."

Mama Mayai alikumbuka. Ni kweli, alilalamika sana. Kisha mayai yalipoacha kupasuka, alimsifu mumewe kwa uendeshaji mzuri. Naye mume alizipokea sifa hizo kimya kimya.

"Umeponya mayai, umeumiza gari," alisema Mwalimu Breki. "Umewahi kuendesha baiskeli yenye tairi laini?"

"Nimewahi. Miguu inachoka haraka."

"Na injini inachoka hivyo hivyo. Inafanya kazi kubwa zaidi, inakunywa zaidi. Tena tairi laini hupata moto, linaweza kupasuka njiani. Siku hiyo hutahesabu mayai, utahesabu mifupa."

Alifungua mlango wa dereva, akawaonyesha karatasi ndogo iliyobandikwa ubavuni. "Kiasi cha upepo kimeandikwa hapa. Pima mara kwa mara, na upime asubuhi, kabla matairi hayajapata moto."

"Na mayai yangu je?" aliuliza Mama Mayai.

"Mayai yanalindwa na mguu wa dereva. Ukiondoka, ondoka taratibu. Ukiona watu wanavuka mbele, toa mguu kwenye mafuta mapema, gari lipunguze mwendo lenyewe. Usisubiri mpaka ukanyage breki kwa nguvu. Hapo mayai yatatulia na mafuta yatabaki. Chini ya trei tandika kipande cha godoro."

Kisha alifungua buti. Humo mlikuwa na betri iliyokufa, mnyororo, jeki mbili na vipande vya chuma ambavyo hata mume hakujua vilitoka wapi.

"Abiria hawa wote wanapanda bure!" alisema. "Uzito unakula mafuta. Bakiza jeki moja na tairi la akiba. Na asubuhi usiache injini ingurume uani wakati unaoga. Inakula bila kwenda popote. Washa, ngoja kidogo tu, ondoka polepole. Itapata moto njiani."

Siku hiyo hiyo walijaza upepo, wakapeleka gari gereji. Fundi wa magari alitoa chujio la hewa. Lilikuwa jeusi kwa vumbi.

"Injini yenu ilikuwa inapumua huku imezibwa pua," alisema. Akaweka chujio jipya na kubadilisha plagi zilizochakaa.

Usiku Mama Mayai alimwambia mumewe, "Nenda kwa mdogo wangu."

"Tuone kwanza mpaka Jumamosi," alijibu mume. Alikuwa anaona haya.

Jumamosi jioni walimaliza kazi. Mshale wa mafuta ulikuwa haujagusa alama nyekundu. Mayai yaliyopasuka yalikuwa mawili tu.

"Haya," alisema Mama Mayai. "Safari hii sinyamazi. Geuza gari."

Walimkuta fundi kwenye jengo, akipanga matofali.

"Shemeji, nilikukosea," alisema mume. "Hukuiba. Naomba unisamehe."

Fundi alisawazisha tofali lake kwanza, bila haraka.

"Ungepima upepo kabla ya kunipima mimi, shemeji," alisema. "Mimi nimekusamehe. Lakini uliniita mwizi mbele ya watoto. Wao nani atawaambia?"

"Na mimi nilinyamaza, mdogo wangu," alisema Mama Mayai. Machozi yalimlengalenga. "Nisamehe na mimi."

Walirudi nyumbani wote watatu. Fundi alikaa kwenye benchi uani, mfuko wake bado uko mapajani. Mume aliwaita watoto, wakaja wakasimama mbele yake.

"Mjomba wenu hakuiba mafuta," alisema. "Nilimsingizia."

Mtoto mdogo alifikiri kidogo. "Sasa baba, mwizi alikuwa nani?"

Mume alimtazama mkewe. Mama Mayai hakumsaidia.

"Mimi," alisema baba.

Fundi aliweka mfuko wake chini, akasogea upande mmoja wa benchi, akampa shemeji yake nafasi ya kukaa.